Simu ya Kutumwa

Simu ninayotembea nayo ina kioo cha inchi 3. Ni Jelly Star, iliyotengenezwa na Unihertz, kampuni ya Shanghai nchini China, na ilitoka mwaka 2023. Urefu wake ni milimita 95, upana haufiki milimita 50, na uzito ni gramu 116. Ukiilaza juu ya kadi ya benki, inaipita kadi kwa urefu wa sentimita moja hivi, na kwa upana kadi ndiyo inayoishinda. Unene wake ni karibu milimita 19, kwa sababu betri na mitambo iliyokosa nafasi ya kutandazwa imebidi ibebane. Ndani yake mna kila kilichomo katika simu janja ya kawaida: Android, WhatsApp, ramani, benki, kamera, nafasi ya laini mbili, hata tundu la spika za masikioni ambalo simu nyingi kubwa zimeshaliacha. Kilichopungua ni kioo. Ukichukua simu ya inchi 6.7, ya ukubwa unaoonekana kila kona ya Dar es Salaam, kioo chake kinameza vinne kama hiki na nafasi inabaki.

Nimeizoea kiasi kwamba siioni tena kuwa ndogo. Nikiazima simu ya mwenzangu ndipo mkono unapokumbuka tofauti. Katika mazoea hayo limenijia wazo moja ambalo naliamini. Ukubwa wa kioo una sauti kubwa katika kuamua kama simu itakuwa chombo au itakuwa mahali. Chombo unakitwaa ukiwa na haja, haja ikiisha unakirudisha kilipokuwa. Mahali unaingia, unakaa, unazungukazunguka, na kutoka kwake kunataka uamuzi. Simu za siku hizi zimekuwa mahali, na wengi wetu tunahamia humo kila siku pasipo mtu kutuuliza. Hii ya inchi 3 haikaliki. Inatumwa, inarudi.

Mwaka 2007 ulileta mambo mawili yaliyoshika njia tofauti. Januari, jijini San Francisco, Steve Jobs alionyesha iPhone ya kwanza, yenye kioo cha inchi 3.5 ambacho wakati ule kilionekana kipana. Machi, nchini Kenya, Safaricom ikazindua M-Pesa, na mwaka uliofuata Vodacom ikaileta Tanzania. La kwanza lilidai simu mpya kabisa. La pili lilitosheka na simu zilizokuwa tayari mifukoni mwa watu, simu za batani za aina ya Nokia 1100 ya mwaka 2003, ambayo iliuzwa zaidi ya milioni 250 duniani, yenye tochi kichwani na kioo cha mistari michache ya maandishi. Tanzania tukaziita vitochi, Wakenya wakaziita mulika mwizi. Kwenye vioo hivyo vya kijivu watu walilipa ada za shule, walichangiana misiba, walimtumia mama hela ya dawa kijijini. Kwa hiyo katika nchi zetu kioo kidogo kina historia ya kazi nzito, na aliyebeba simu ndogo leo hajazua jambo geni.

Baada ya hapo vioo vikaanza kukua. Mwaka 2011 Samsung ilitoa Galaxy Note yenye inchi 5.3, na wengi waliiona ni kubwa kupita kiasi kwa kitu cha kuweka sikioni. Mwaka 2014 Apple nayo ikafuata, kwa simu za inchi 4.7 na 5.5. Mwaka 2018 ilitoka simu ya Palm yenye inchi 3.3, nayo ilianza kuuzwa Marekani kama simu ya pembeni tu, ya mtu ambaye kubwa yake ameiacha nyumbani. Mwaka 2020 Apple ilitoa iPhone 12 mini, kisha 13 mini mwaka 2021, halafu ikaachana na umbo hilo. Simu hizo zilizopewa jina la udogo zilikuwa na kioo cha inchi 5.4. Yaani katika miaka tisa, kipimo kilichokuwa kituko kwa ukubwa kikawa kituko kwa udogo.

Sisemi kwamba dunia ilipotoka. Vioo vilikua kwa sababu simu ilimeza vitu vingine: runinga, gazeti, albamu ya picha, daftari la duka, darasa. Na katika nchi zetu ilimeza zaidi, kwani kwa watu wengi simu ndiyo kompyuta ya kwanza waliyoimiliki na huenda ikawa ya pekee. Mtu ambaye hana kifaa kingine cha kusomea notisi za chuo ana haki ya kutaka kioo kipana. Jambo ninaloliuliza ni jingine: hiyo runinga, hilo gazeti na hilo darasa, vinapaswa kunifuata hadi kwenye foleni ya hospitali, kwenye kiti cha kinyozi, na kitandani?

Jibu langu limetoka barabarani. Chukua daladala la asubuhi kutoka Gongo la Mboto. Viti vimejaa hata kabla barabara haijaanza kuchangamka, na aliyesimama ameshika bomba kwa mkono mmoja. Mkono uliobaki ndio ofisi yake. Katika hali hiyo simu ya inchi 6.7 inataka vidole vinne viibebe huku gumba likinyooka kutafuta kona ya juu, na breki moja ya ghafla inaweza kuipeleka chini ya viatu vya watu. Mwaka 2013 mtafiti wa Marekani, Steven Hoober, alichapisha matokeo ya kuwatazama watu zaidi ya elfu moja wakitumia simu mitaani na katika vyombo vya usafiri, akakuta karibu nusu wanatumia mkono mmoja. Simu zimekua tangu hapo. Mkono wa binadamu haukukua. Hii yangu gumba linafika kona zote nne bila kiganja kusogea.

Basi shangazi anapiga simu kutoka Tanga, anataka nauli ya kwenda kliniki. Nikishamwamkia na kumsikiliza, naingiza *150*00#, namba ya menyu ya M-Pesa. Menyu inafunguka, na yote inaenea kiooni: tuma pesa, toa pesa, nunua muda wa maongezi, lipa bili. Nachagua, naandika namba yake, kiasi, namba ya siri. Jina lake linatokea ili nihakikishe, nathibitisha, ujumbe wa muamala unaingia. Jirani aliyebanana nami bega kwa bega hajaona tarakimu hata moja, kwa kuwa kiganja kimefunika kila kitu. Simu inarudi mfuko wa shati, na mimi narudi kutazama njia. Katika kazi ya namna hii, ukubwa wa kioo usingeniongezea chochote isipokuwa wasiwasi wa kibaka dirishani.

Wanaoishi na vitu vidogo wanalijua hili. Bibi zetu walifunga fedha kwenye pindo la kanga, na kitochi nacho kikafungwa humo humo, kwa sababu magauni mengi hayana mifuko na mikono ya mwanamke anayetoka sokoni haiko tupu. Simu iliyotulia mwilini namna hiyo haisumbui. Haivuti kiuno cha suruali, haimchomi mtu akiinama, haiwekwi mezani mbele ya mgeni kama kwamba nayo imekaribishwa chakula. Siku hizi simu kubwa huwekwa mezani kwa sababu haina pa kukaa pengine, na ikishakuwa mezani inashiriki mazungumzo. Kila inapowaka, macho mawili matatu yanaigeukia. Iliyomo mfukoni inasubiri.

Kuandika ndiko kugumu, na ugumu huo una vipimo. Kioo cha simu hii kina upana wa milimita 37. Ukizigawa herufi kumi za mstari wa juu wa kibodi, kila herufi inapata chini ya milimita 4. Google yenyewe huwashauri watengenezaji wa programu kwamba kitufe cha kuguswa kwa kidole kiwe na ukubwa wa milimita 9 hivi. Kwa hiyo kila neno ninaloandika linapita katika mlango mwembamba kuliko kidole, na maneno yetu ya Kiswahili, yanayobeba mtendaji, wakati na tendo kwa pamoja, hujaza mstari upesi. Programu ya kusahihisha inasaidia, lakini haijui kila kitu tunachosema.

Kutokana na ugumu huo tabia zangu tatu zimebadilika. Ya kwanza, natamka badala ya kubofya. Tangu mwaka 2017 Google imekiingiza Kiswahili katika lugha inazozisikiliza na kuziandika, na kwa sentensi ya kawaida inafanya kazi ya heshima. Ya pili, naandika kwa ufupi: saa, mahali, ndiyo au hapana. Ya tatu ndiyo iliyonigusa zaidi. Napiga simu.

Hili la kupiga simu nataka kukaa nalo kidogo. Mtu akifiwa, siku hizi taarifa inaingia kwenye kundi la WhatsApp, na chini yake inashuka mistari ya pole, mingi ikiwa imenakiliwa kutoka juu yake, na viganja vilivyokutanishwa. Ni rahisi, na hakuna anayeumia kwa kuandika hivyo. Lakini mfiwa hajasikia sauti. Kwa mwenye kibodi ya milimita 4, kuandika pole yenye maana kunachosha kuliko kubonyeza jina na kusubiri mlio. Basi unapiga. Unasikia pumzi kabla ya neno. Unasema pole, yeye anasema tumeshapoa, halafu kinakuja kile kimya ambacho maandishi hayana, na baada yake anaanza mwenyewe kukusimulia ilivyokuwa usiku ule hospitalini. Dakika za maongezi zinalika, na salamu hazikatizwi: kama ni mkubwa utasema shikamoo, utauliza hali ya nyumbani, utaulizwa ya kwako. Gharama hiyo ndiyo thamani yenyewe. Simu ndogo haikunifundisha utu. Nilifundishwa na walionilea. Ilichofanya ni kuifanya njia ya mkato iwe ndefu kuliko njia kuu.

Nafikiri hapo ndipo ilipo siri ya udogo. Mwaka 2006 Aza Raskin, mbunifu wa Marekani, alibuni ule utaratibu wa ukurasa usio na mwisho: ukifika chini, vitu vipya vinajiongeza, huhitaji kubonyeza popote. Baadaye alisema hadharani kwamba anajutia ulivyotumika. Utaratibu huo uliondoa kizingiti kimoja kidogo, kile cha kubonyeza ili kuendelea, na kumbe kwenye kizingiti hicho ndipo mtu alipokuwa akijiuliza kama anataka kuendelea. Kioo kidogo kinarudisha kizingiti kwa namna nyingine. Video inaonekana, sauti inasikika, picha za harusi zinapita, lakini hakuna kinachokujaza macho. Baada ya muda mfupi jicho linachoka, mkono unashuka, na swali linapata nafasi ya kuulizwa: nilikuwa nataka nini humu?

Sitaki kukipa kifaa sifa isiyo yake. Mitambo inayochagua nini kikufuate baada ya video moja inafanya kazi ileile kwenye inchi 3 na kwenye inchi 7, na aliyedhamiria kukesha atakesha na chochote. Udogo unachopunguza ni tuzo. Tuzo ikipungua, akili inapata muda wa kufika. Muda huo ni mdogo mno, lakini kwa mtu mwenye kazi za kufanya na watoto wa kutazamwa usoni, unatosha kubadili jioni nzima.

Sasa niseme yanayoshindikana, kwa sababu sifa zisizotaja gharama hazimsaidii anayefikiria kununua. Betri ni ya mAh 2000, wakati simu nyingi za sasa zina 5000. Kioo kidogo kinakula umeme kidogo, lakini siku umeme ukikatika mtaani na ramani ikafunguliwa njiani, unaanza kuhesabu asilimia mapema. Vipuri ni shida. Kariakoo, mtaa wa Aggrey, ambako kava na protekta za simu za kila aina zimetundikwa kutoka sakafuni hadi darini, fundi aliigeuzageuza akaniambia kwa upole, "Bosi, hii ikipasuka kioo hapa hupati. Itabidi uagize." Na kuna macho. Mtu akiingia miaka ya arobaini, lenzi ya jicho inakuwa ngumu na vitu vya karibu vinaanza kufifia. Ukikuza herufi, mstari unabaki na maneno matatu, na aya ya kawaida inakuwa safari ya kushusha kidole. Miwani inasaidia. Haiondoi jambo.

Shangazi yule wa Tanga hupenda kupiga simu ya video. Yeye ana simu kubwa aliyonunuliwa na wanawe, ameiegemeza kwenye chupa ya chai, na wajukuu wamejaa nyuma yake. Kamera yangu ni nzuri, kwa hiyo upande wake sina kasoro. "Mwanangu, nakuona mzima mzima," ananiambia. "Wewe je, unaniona?" Namwona, lakini uso wake hauzidi ukubwa wa gumba langu, na wajukuu ni rangi za nguo zinazosogea. Nikitaka mke wangu na watoto nao wamsalimie, lazima tupokezane simu mmoja mmoja. Kwa hiyo simu za video za shangazi siku hizi zinapokelewa kwenye simu ya mke wangu, sebuleni, sote tukiwa tumeketi. Ukoo unahitaji kioo cha watu wengi. Changu ni cha mtu mmoja.

Kubwa kuliko hilo nililiona siku binti wa dada yangu alipokuja kuomba msaada wa kujaza fomu ya maombi ya chuo. Simu yake ilikuwa kwa fundi na muda wa maombi ulikuwa unakwisha, basi nikampa yangu. Ukurasa ulifunguka ukiwa umetengenezwa kwa ajili ya kompyuta ya mezani: jedwali la safu tatu, herufi ndogo kama mchanga, na kila alipogusa kisanduku ili aandike, kibodi ilipanda ikafunika kisanduku chenyewe. Akawa anaandika asichokiona, anashusha kibodi, anasoma, anapandisha tena. Akailaza simu kwa ubavu. Ikawa kibodi tupu, fomu haipo. Mwisho akaniambia, "Mjomba, hapa kitufe cha kutuma hakionekani." Kilikuwepo, nje ya ukingo wa kulia, mahali ambapo hata kuvuta kwa kidole hakukufika.

Tulikwenda mezani, nikafungua kompyuta ya kazini kwangu, akamaliza. Lakini sikuacha kufikiria asiye na mjomba mwenye kompyuta. Huyo huenda stesheneri. Pale anaketi pembeni ya mashine ya kutoa kopi, anamtajia kijana wa dukani majina ya wazazi wake, tarehe ya kuzaliwa, namba ya mtihani, na hata neno la siri la akaunti atakayoitumia miaka yote ya chuo, kisha analipa. Amelipia kusaidiwa, na bila kukusudia amekabidhi funguo zake kwa mtu asiyemjua.

Tukio hilo lilinifanya nilitazame upya wazo langu la chombo na mahali. Simu yangu inaweza kuwa chombo kwa sababu nina mahali pengine. Mambo marefu nina meza ya kuyaendea: mkataba, makala, fomu, picha za familia. Asiye na meza hiyo hana anasa ya kuikataa simu kubwa, kwani ikiondoka na shule inaondoka. Kwa hiyo nisingemwambia mwanafunzi wa Kigoma au mama ntilie anayejifunza mapishi kwa video kwamba simu ndogo ndiyo njia ya uadilifu. Kupunguza ni kutamu kwa aliyekwisha kuwa nacho. Ninachoweza kumwambia mwenye uwezo kama wangu ni kwamba vitu virefu vipewe kiti na mwanga, na njiani twende na kidogo. Na ninachoweza kumwambia asiye na uwezo huo ni kwamba hakosei, na kwamba lawama tuipeleke inakostahili.

Inastahili kwenda kwa wanaotengeneza huduma. Mwaka 1985, mjini Bonn, mhandisi Mjerumani Friedhelm Hillebrand alikuwa akitafuta ujumbe wa simu uwe na urefu gani. Aliketi kwenye taipureta yake, akaandika sentensi na maswali ya kawaida, akahesabu herufi, nafasi na alama. Nyingi hazikuzidi 160. Akatazama pia kadi za posta na ujumbe wa teleksi, akaona watu wanaelewana kwa maneno machache. Ndipo kikapatikana kile kipimo cha herufi 160 ambacho dunia nzima ilikuja kukitumia. Alianza na jambo ambalo mtu anataka kulisema, kipimo kikafuata.

Menyu za nyota na reli nazo zina mpaka wake: ukurasa mmoja wa USSD haubebi zaidi ya herufi 182. Aliyepanga huduma ya fedha ndani ya mpaka huo hakuwa na pa kuweka pambo. Kila mstari uliobaki ulibaki kwa sababu kuna mtu anauhitaji, na mfuatano wake ulilingana na maswali ambayo mtu mwenyewe angeuliza: kwa nani, kiasi gani, una hakika? M-Pesa ilipofanyiwa majaribio Kenya mwaka 2005, kabla ya kuzinduliwa, ilijaribiwa na watu wa mikopo midogo midogo, wenye biashara za mitaji ya kuhesabika. Kilichowafaa hao kilikuja kumfaa kila mtu, hadi mwenye simu ya milioni mbili. Leo mwenye kioo cha inchi 6.7 bado anapiga *150*00# akiwa ameishiwa bando, na menyu inamjibu.

Ndiyo maana naamini kioo kidogo ndicho kipimo halali cha huduma yoyote ya umma. Fomu inayojazika kwenye inchi 3 itajazika kwa mzee mwenye macho mazito, kwa muuza samaki mwenye kioo kilichopasuka nusu, kwa aliye juani asiyeona vizuri, kwa mwenye bando la siku moja linalokaribia kuisha, na kwa mwenye mkono mmoja tu ulio huru. Swali moja kwa ukurasa mmoja. Kitufe pale gumba linapofika. Kinachohitajika kitajwe kabla mtu hajaanza, ili asifike katikati ndipo aambiwe akatafute cheti cha kuzaliwa. Hakuna fundi anayeshindwa kufanya hivi. Wameshafanya, kwenye vioo vidogo zaidi, na fedha za nchi nzima zikapita humo salama.

Wajibu huo hauishii kwa mafundi. Sisi tunaoandikiana kila siku nasi ni watengenezaji. Tangazo la kikao cha kamati ya harusi linakuja likiwa picha yenye maua pembeni, na tarehe imeandikwa chini kabisa kwa herufi za kupinda. Barua ya shule kwa wazazi inatumwa ikiwa PDF ya kurasa mbili zilizopigwa picha kwa kuinama, na jambo lenyewe, kwamba kesho watoto waje na madaftari manne, limo katika aya ya tatu. Anayetuma ana kioo kikubwa au yuko mezani, na hajiulizi anayepokea yuko wapi.

Tangu niwe mpokeaji wa kioo kidogo, nimejiwekea utaratibu ninapotuma, na naupendekeza kwa yeyote. Mstari wa kwanza useme jambo lenyewe. Wa pili useme lini na wapi. Wa tatu, kama kuna fedha, utaje kiasi na namba ya kutumia. Wa nne, nani apigiwe ambaye hajaelewa. Yote yaandikwe kwa herufi ndani ya ujumbe, ili mwenye kitochi naye aweze kusomewa au kutumiwa, kisha maua na kurasa zifuate kwa anayezitaka. Tumelelewa kumpisha mkubwa kiti na kutozungumza kwa sauti ya juu mbele ya mgonjwa. Kumwandikia mtu kwa namna inayoenea katika kioo alicho nacho ni adabu ya namna hiyohiyo, na inastahili kufundishwa nyumbani, shuleni na maofisini.